Filamu za Kiswahili za muongo wa 2010 zilizotupita: ipi uanze nayo?

Mwombe mtu akutajie filamu moja ya Kenya ya muongo wa 2010, atasema Nairobi Half Life kabla hujamaliza kuuliza. Mbane akuongezee ya pili, atataja Rafiki, na mara nyingi hata hajaiona. Anaijua kwa sababu ilipigwa marufuku mwaka 2018, kisha mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7. Ukivuka mpaka kuja Tanzania, orodha inakuwa fupi zaidi. Watu wanakumbuka DVD za Bongo Movie, wanamkumbuka nyota wake, marehemu Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012, halafu wanaruka moja kwa moja mpaka Vuta N'kuvute ya 2021.

Hapo katikati kuna filamu zinazozungumza Kiswahili, nyingine mwanzo hadi mwisho, zilizokwenda kwenye matamasha ya filamu ya Berlin, Venice, Toronto na Cannes na baadhi zikarudi na tuzo, huku sisi wenye lugha tukiwa hatuna habari. Sababu zake zinaeleweka. Soko letu la wakati ule lilikuwa DVD ya sehemu ya kwanza na ya pili iliyopangwa barabarani, pamoja na kibanda umiza chenye filamu ya ngumi iliyotafsiriwa na DJ. Filamu ya dakika 75 isiyo na sehemu ya pili wala nyota anayejulikana mtaani haikuwa na mahali pa kukaa. Majumba ya sinema yalikuwa machache, mengi yamo ndani ya maduka makubwa, na tiketi moja na nauli ya kufika huko ni hesabu ya mboga ya siku kadhaa.

Hapa chini nimezipanga mbilimbili, kwa sababu kumlinganisha mtoto mgonjwa wa filamu moja na muuza mkaa wa nyingine hakumsaidii mtu anayetaka kujua aangalie nini Jumamosi. Kila jozi inagombania jioni ya aina moja. Nitasema wazi ningechukua ipi, na miisho sitaitoboa.

Ukiwa na watoto nyumbani: Soul Boy (2010) au Supa Modo (2018)

Zote mbili zimepita mikononi mwa watu wale wale. Mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann walianzisha One Fine Day, wakaungana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Soul Boy ikafungua njia. Baada yake ikaanzishwa warsha: vijana wa uandishi, kamera, sauti na uhariri kutoka nchi mbalimbali za Afrika wanakutana Nairobi kujifunza, kisha inapigwa filamu chini ya mwongozaji wa hapa hapa. Nairobi Half Life ilitoka humo, na Something Necessary, Veve, Kati Kati na Supa Modo zikafuata. Yaani filamu moja ilishika, na ndugu zake wa baba mmoja mama mmoja zikasahaulika.

Kuna wanaosema filamu za namna hii ni za wafadhili, zimetengenezwa ili Mzungu alie ukumbini. Nawaelewa, maana anayetoa fedha huwa na sauti katika kuchagua hadithi. Lakini Soul Boy imeandikwa na Billy Kahora na kuongozwa na Hawa Essuman, na ukiifungua humsikii mfadhili, unawasikia watoto wa Kibera wakijibizana.

Hadithi yake ni hii. Abila ana miaka 14. Asubuhi moja anamkuta baba yake amelala dukani, hawezi kuamka akafungua biashara, na anachosema ni kwamba roho yake imeibwa. Mtu mzima yeyote angesema ni pombe na akaenda zake, ila Abila anaamini. Anakwenda kumtafuta Nyawawa, mwanamke anayeogopwa na mtaa mzima, naye anampa majaribu 7. Kuanzia hapo ni mbio. Kijana anakatiza vichochoro, anaruka mitaro, na Shiku, rafiki yake wa kike, yuko nyuma yake akimkosoa kila hatua. Filamu nzima ni ya saa moja hivi na haina hata dakika inayolala. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Kibera haionewi huruma. Haionyeshwi kama jalala wala kama pango la majambazi. Ni mahali ambapo mtu ana shughuli zake, na shughuli ya Abila leo ni kuirudisha roho ya baba.

Kasoro zipo. Waigizaji wengi ni watu wa mtaani wasio na uzoefu, na kuna mazungumzo yanayotoka kama shairi la darasani. Majaribu mengine yanapita kabla hujaelewa yalikuwa yanapima nini. Hata hivyo watazamaji wa tamasha la Rotterdam waliipa tuzo yao mwaka 2010, na tuzo ya watazamaji mimi huiheshimu kuliko ya majaji.

Supa Modo ina utulivu zaidi na imepikwa kwa ustadi mkubwa. Likarion Wainaina anatuletea Jo, msichana wa miaka 9 anayependa filamu za mashujaa na za Jackie Chan, mgonjwa wa ugonjwa usiopona. Mama anaamua kumtoa hospitali amrudishe kijijini, akae siku zake zilizobaki nyumbani. Jo anachoshwa na kulala kitandani akitazama darini. Ndipo dada yake Mwix anapoanza kumdanganya kwamba ana nguvu za ajabu, na uongo huo mdogo unakua mpaka kijiji kizima kinaingia ndani yake. Mchezo wa mpira unapangwa upya kwa ajili yake, na mwenye kuonyesha filamu kijijini anaingia kwenye mpango.

Watu huiuza filamu hii kama hadithi tamu ya kijiji chenye upendo, na hapo ndipo wanapoipunja. Kiini chake ni ugomvi wa mama na Mwix. Mama, anayeigizwa na Marrianne Nungo, ni mkunga. Kazi yake ni kupokea watoto wanaoingia duniani, na sasa anatakiwa kumsindikiza wake anayetoka. Yeye hataki mchezo wala uongo. Anataka mtoto ale, anywe dawa, apumzike. Mwix anaona kwamba mtoto asiyecheza ameshakufa nusu. Nani ana haki? Filamu haimpi ushindi yeyote kwa muda mrefu, na nyumba yoyote iliyowahi kuuguza itawatambua wote wawili. Stycie Waweru, mtoto anayeigiza Jo, haombi huruma hata mara moja. Ana uso wa mtu anayejua kuliko wakubwa wanaomficha.

Kwenye tamasha la Berlin la 2018 baraza la majaji watoto liliitaja kwa heshima, na Kenya ikaipeleka kushindania Oscar.

Sasa chaguo. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, chukua Supa Modo, ila kaa nao mpaka mwisho na uwe tayari kwa maswali. Kama kuna mtoto aliyefiwa karibuni, iache kwanza. Kwa vijana wa miaka 12 na kuendelea, hasa wale waliokwishaamua kwamba filamu za nyumbani ni za kulialia, wawekee Soul Boy bila maelezo. Wadogo sana Nyawawa anaweza kuwanyima usingizi. Nikilazimishwa kubaki na moja kati ya hizi mbili, nabaki na Supa Modo, kwa sababu ya yule mama.

Ukiwa peke yako na una subira: Makala (2017) au White Shadow (2013)

Hapa tunaingia kwa waongozaji wageni. Najua mtu anaposikia Mzungu amepiga filamu Afrika hukunja uso kabla ya kuiona, na kwa filamu nyingi ana sababu. Hizi mbili zinastahili kuangaliwa kwanza, lawama baadaye.

Makala ni filamu halisi, haina kuigiza. Emmanuel Gras, Mfaransa, anamfuata Kabwita Kasongo, kijana mwenye mke na watoto anayeishi kijijini nje ya Kolwezi, kusini mashariki mwa Kongo, kwenye nchi ya shaba na kobalti. Kabwita hachimbi madini. Anachoma mkaa. Filamu inaanza alfajiri akiwa na shoka, anaufikia mti mkubwa, anaanza kuukata. Nasi tunakaa hapo tukitazama. Shoka linapanda, linashuka, anapumzika, anaendelea. Mti unapoanguka umeshaelewa kitu ambacho hakuna msimulizi angeweza kukueleza, na kwa kweli msimulizi hayupo. Kisha tanuri la udongo, moto unaochungwa usiku na mchana, magunia, na baiskeli.

Baiskeli hiyo ndiyo filamu. Imepakiwa magunia pande zote na juu, mpaka baiskeli yenyewe haionekani, na Kabwita anaisukuma kwa miguu yapata kilomita 50 hadi mjini. Haipandi hata kidogo. Njiani malori yanampita yakimfunika vumbi. Anapita kwa shemeji yake, anakoishi binti yake mmoja, amemletea viatu. Akikaribia mji kuna watu wenye kudai chao kabla hajapita, na chao ni sehemu ya mzigo. Halafu anaanza kuuza, na wateja wanataka wapunguziwe. Kila mmoja wetu amewahi kusimama upande ule wa mteja, akamwambia muuza mkaa kwamba gunia halijajaa. Baada ya kuona kilomita zile, kauli hiyo haitoki tena kirahisi.

Lengo lake si kubwa. Anataka mabati. Yeye na mkewe Lydie wamepanga nyumba, wamehesabu, na anapofika mjini anauliza bei ya bati moja. Uso wake anapoisikia bei ile unatosha. Majaji wa Wiki ya Wahakiki huko Cannes waliipa tuzo yao kuu mwaka 2017.

Swali linalokusumbua ukiitazama ni lile la kamera. Mtu anasukuma mzigo mlimani, mwingine yuko hatua mbili mbele yake ameshika mashine ya kupigia picha, hamsaidii. Nimesoma watu wakimtetea mwongozaji kwamba kusaidia kungevuruga ukweli. Mimi sijaridhika na jibu hilo, na sioni kwamba filamu imejaribu kulijibu. Lakini pia simjui mwongozaji mwingine aliyeona kwamba kazi ya muuza mkaa inastahili dakika 96 za skrini kubwa, na mlio wa selo, ala kubwa ya nyuzi, chini yake.

Kuhusu lugha: Kiswahili chake ni cha Katanga. Utasikia batu na bintu, yaani watu na vitu, utasikia Kifaransa kikichomekwa, na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atahitaji dakika kumi za kuzoea sikio. Baada ya hapo utajikuta unaacha kusoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi atatucheka sisi wengine, na ana haki.

White Shadow ni mnyama wa aina nyingine. Mwongozaji ni Noaz Deshe, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Imepigwa Tanzania, kwa Kiswahili, kuhusu jambo ambalo Watanzania tunalijua na hatupendi kulizungumza: mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Alias, kijana mwenye ualbino, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama anamtoa kijijini na kumpeleka mjini kwa mjomba Kosmos, anayeigizwa na James Gayo. Kosmos anampa bidhaa za kutembeza barabarani: miwani, DVD, simu. Alias anajifunza mji huku mwili wake ukiwa na bei kichwani mwa watu wasiomjua.

Hamisi Bazili, anayeigiza Alias, ndiye sababu ya kuitafuta filamu hii. Hana mazungumzo mengi. Ana tabia ya kutazama pembeni, ya mtu aliyezoea kuangalia mlango uko wapi. Kamera imebebwa mkononi, inakimbia naye, inapoteza mwelekeo naye, na kuna nyakati hujui kama unaangalia tukio au ndoto. Venice iliipa tuzo ya filamu bora ya kwanza mwaka 2013, na Ryan Gosling, mwigizaji wa Hollywood, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, jambo ambalo magazeti yalilitaja kuliko jina la Hamisi.

Udhaifu wake uko mahali pale pale penye nguvu. Ni karibu saa mbili, na mwongozaji amependa mno fujo yake mwenyewe. Kuna vipande virefu vya kelele, moto na kukimbia ambavyo mhariri mkali angevikata. Isitoshe inatisha kweli, na ukatili wake hauishii kudokezwa. Mtu mwenye ualbino au mwenye mtoto wa hali hiyo aambiwe kabla, aamue mwenyewe.

Nikilinganisha, Makala inakuamini zaidi. Inakuonyesha na kukuacha. White Shadow inakushika shingo. Kwa usiku mmoja ningechagua Makala, na hata kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na filamu halisi hadi mwisho ningempa hiyo hiyo, kwa sharti aweke simu mbali, kwa sababu ile robo saa ya kwanza ya mti inamwondoa mwenye papara. White Shadow ningeiweka kwa mwanafunzi wa filamu, au kwa yeyote anayefikiri kwamba kupiga picha mitaa yetu ni kuipaka rangi za kitalii.

Ukitaka kuzungumza baada ya filamu: Something Necessary (2013) au Kati Kati (2016)

Judy Kibinge alipoongoza Something Necessary, Kenya ilikuwa inaelekea uchaguzi wa Machi 2013 na kila mtu alikuwa na kauli moja mdomoni: tuwe na amani, tusirudi kule. Kule kwenyewe, yaani miezi iliyofuata kura ya Desemba 2007, ambako zaidi ya watu 1,100 waliuawa, hakukuwa na wengi waliotaka kukutazama usoni. Filamu hii inakutazama kupitia watu wawili. Anne ni muuguzi aliyempoteza mume, shamba lake limechomwa, mwanawe yuko hospitali, na yeye anang'ang'ania kurudi na kuijenga upya nyumba ile ile. Joseph ni kijana aliyekuwa kwenye kundi la washambuliaji. Naye hana pa kuiweka hatia yake.

Ni filamu ya kimya, na Susan Wanjiru, aliye Anne, anaibeba kwa mabega. Waandishi wamekataa njia rahisi. Hakuna mkutano wa maridhiano wenye machozi na kukumbatiana ambao kila shirika lingetaka kuulipia. Ukiuliza kama Anne anafanya ujasiri au ukaidi kurudi pale, hutapata jibu moja mezani.

Kati Kati inazungumzia waliokwenda, siyo waliobaki. Kaleche anazinduka porini akiwa amevaa gauni la hospitali, hakumbuki kitu. Anatembea mpaka kwenye hoteli ya mbugani ambamo kundi la watu linakula, linacheza, linaogelea. Thoma anampa habari: umekufa, sote tumekufa, karibu. Wako mahali pa katikati, na hakuna anayetoka kabla hajamaliza anachodaiwa na nafsi yake. Mwongozaji ni Mbithi Masya, yule wa bendi ya Just a Band, na filamu ina mdundo wa mtu wa muziki: fupi, dakika 75, haimalizi kila sentensi. Toronto mwaka 2016 ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa.

Onyo kwa wenye kupenda Kiswahili: Kati Kati ina Kiingereza kingi, kile cha tabaka la kati la Nairobi kinachoruka ruka. Kwa hao watu ndiyo lugha yao, kwa hiyo siilaumu, ila bibi yako hatakuwa na la kufuata.

Kati ya hizi mbili, Kati Kati ndiyo yenye wazo zuri zaidi na Something Necessary ndiyo yenye mtu. Wazo la Kati Kati linakuvuta kuanzia dakika ya kwanza, lakini wakazi wengi wa hoteli ile wanabaki kuwa mifano ya dhambi fulani kuliko kuwa watu. Anne hutamsahau. Kwa kundi la marafiki watakaobishana hadi usiku, wawekee Kati Kati. Kwa mtu mmoja unayetaka kuzungumza naye kwa makini, na hasa kama familia zenu zilikuwa pande tofauti mwaka ule, chagua ya Kibinge, na msiianze saa nne za usiku.

Ukitaka Tanzania ya kawaida: T-Junction (2017) au Aisha (2015)

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu zote mbili ni ngumu kupata na sipendi kumpamba mtu chakula asichokifikia.

T-Junction ya Amil Shivji ndiyo iliyofungua ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, mwaka 2017. Fatima, binti wa baba Mhindi ambaye hakuwa karibu naye, amefiwa na baba huyo na hajui aomboleze namna gani. Hospitali anakutana na Maria, ambaye mwili wake umejaa majeraha, na Maria anaanza kumsimulia watu wa njia panda: wauzaji wadogo, vijana wa kijiweni, na jinsi walivyoishi. Kila siku kipande. Magdalena Christopher, aliye Maria, anasimulia kama mtu anayekusuka nywele, hana haraka, na ghafla anavuta. Filamu inaona jambo ambalo sinema yetu hulikwepa, nalo ni jinsi Mhindi na Mswahili wa Dar es Salaam wanavyoishi nyumba moja, mmoja sebuleni na mwingine jikoni, mpaka wana mtoto. Baadhi ya matukio ya njia panda yamepangwa kama jukwaa la maigizo, na hapo inapoteza pumzi.

Aisha imeongozwa na Chande Omar na kutayarishwa na UZIKWASA, shirika la Pangani linalofanya kazi na jamii, lenye pia redio ya Pangani FM. Godliver Gordian ni Aisha, mwanamke mwenye biashara yake mjini anayerudi kwao kwa harusi, kisha anabakwa. Kinachofuata ni mji mdogo wenye kujuana unaoamua kunyamaza. Wanaofanya hivyo si watu wabaya wa kwenye filamu. Ni majirani wenye adabu zao, wanaosema yaishe, tusiaibishane. Kwa kuwa imetoka kwa watu wa hapo hapo, namna wazee wanavyozungusha maneno ili wasiseme lolote imeshikwa barabara. Ina mguu mmoja kwenye uelimishaji, na kuna sehemu unausikia mguu huo ukitembea, lakini Godliver haigizi somo.

Kwa kikao cha mtaa, kikundi cha akina mama, darasa la sekondari ya juu au msikiti na kanisa lenye viongozi wasioogopa maswali, Aisha haina mpinzani kwenye orodha hii yote. Kwa kutazama tu, kwa ajili ya filamu yenyewe, ningechukua T-Junction, na ningeitazama kabla ya kurudia Vuta N'kuvute, maana huyu ni mwongozaji yule yule akijifunza mwendo wake.

Upatikanaji usikukatishe tamaa. Filamu hizi hupanda na kushuka kwenye majukwaa ya kulipia, leo ipo mwezi ujao haipo, kwa hiyo ukiiona moja usiseme nitairudia. Wakati mwingine hurudi kwenye matamasha na kwenye vituo vya utamaduni vya mijini. Kwa Soul Boy na Supa Modo hakikisha umepata nakala yenye sauti ya asili. Sheng ya Abila na Shiku ikifunikwa na sauti ya mtu mwingine, nusu ya filamu imekwenda.

Na kwa asiyetaka mzigo wowote kati ya hii niliyoieleza, anataka magari, fedha chafu na mwanasiasa mwongo, kuna Veve ya Simon Mukali (2014). Imepigwa kwenye nchi ya miraa, Maua huko Meru, ambako zao moja limeshika maisha ya kila mtu, kuanzia mkulima anayelipwa senti hadi mheshimiwa anayetaka ugavana. Wahusika ni wengi kupita kiasi na visa vingine vinafungwa kwa kamba ya haraka. Lizz Njagah ni mzuri humo kama mke aliyechoka wa mheshimiwa. Kwa Ijumaa usiku, na watu watano mbele ya skrini moja, inatosha.